Haki za Binadamu Zifundishwe Kwenye Kitabu cha OB

Makurutu wa polisi nchini Kenya husomeshwa haki za binadamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inaiamuru Huduma ya Taifa ya Polisi iwafunze maafisa wake kuheshimu haki, uhuru wa msingi na utu wa mtu. Kwa hiyo somo lipo. Tatizo ni mahali lilipowekwa. Aghalabu limewekwa darasani: mikataba ya kimataifa, orodha ya haki, mtihani wa kuandika. Kisha kurutu anatoka kwenda uwanjani kwa mkufunzi mwingine, anafundishwa kukamata, kufunga pingu, kulenga shabaha na kusimama safu mbele ya umati, na huko neno haki halisikiki tena. Siku anapohitimu ana masomo mawili ambayo hayajawahi kukutana. Akifika kituoni, lile la uwanjani ndilo analolitumia kila siku, na lile la darasani linabaki kwenye daftari.

Msimamo wangu ni kwamba kila haki iliyomo kwenye Katiba ina mahali pake katika kazi ya mikono ya polisi. Ina dakika yake, ina kitabu chake, ina mtu anayetia sahihi. Ifundishwe hapo hapo. Afisa asiyeweza kukuonyesha haki ya mshukiwa imeandikwa mstari gani wa kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, hajafundishwa haki hiyo, hata kama alipata alama tisini kwenye mtihani.

Sheria hizi zilizaliwa na msiba. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Jopo la Ransley likatoa mapendekezo ya kuibadilisha polisi mwaka 2009, Katiba ikapitishwa 2010, na mwaka 2011 zikaja sheria mbili: ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na ya IPOA, yaani Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi. Anayetaka kuisoma sheria ya polisi aanze na majedwali yaliyo nyuma. Jedwali la Tano linahusu kukamata na kuzuilia watu; la Sita linahusu matumizi ya nguvu na bunduki. Kwa afisa wa doria, kurasa hizo chache ndizo kazi yenyewe.

Kukamata

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa, kwamba ana haki ya kunyamaza, na nini kitafuata asiponyamaza. Ana haki pia ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika. Kwa maneno ya kazini ni hivi: "Ninakukamata kwa kushukiwa kuiba pikipiki jana usiku hapo stendi. Una haki ya kunyamaza. Ukisema lolote linaweza kuandikwa na kutumiwa mahakamani. Unaweza kumpigia wakili wako, na mtu wa nyumbani ajue uko wapi." Hayo yote hayachukui nusu dakika.

Yanaharibika kwa njia tatu. Kwanza, yanasemwa kituoni saa kadhaa baadaye, wakati mshukiwa ameshaulizwa maswali garini na ameshajibu. Pili, yanasomwa mbio kama anayekariri, na hakuna anayeuliza kama yameeleweka. Tatu, lugha. Afisa hupangiwa kazi mbali na kwao, na Kiswahili chake cha haraka hakimfikii mzee wa Turkana au mama wa Mandera ambaye hakukaa shule. Kumbe Katiba imesema lugha anayoielewa mshukiwa. Dawa yake uwanjani ni rahisi: anayeigiza mshukiwa ajifanye hajui Kiswahili, mara nyingine kiziwi, mara nyingine amelewa, na mkufunzi ashike saa. Kurutu apimwe kwa swali moja la mwisho kwa mshukiwa: "Nimekuambia nini?" Mshukiwa asipoweza kujibu, kurutu arudie zoezi.

Kuhusu mwili, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imesema wazi: anayekubali kukamatwa kwa neno au kwa tendo hana haja ya kushikwa kwa nguvu, na aliyekwisha kukamatwa asifungwe zaidi ya kinachohitajika kumzuia asitoroke. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Hapa kuna jambo la kitabibu ambalo kila mkufunzi wa kukamata anapaswa kulirudia mpaka lichoshe. Mtu aliyelazwa kifudifudi, mikono nyuma, afisa amemwekea goti mgongoni, mbavu zake haziwezi kupanuka vizuri. Anaanza kupigania pumzi. Afisa anauona mpapatiko ule, anadhani mtu bado anakataa kukamatwa, anaongeza uzito. Mtu huweza kufa hivyo kwa dakika chache bila kupigwa hata kofi. Kwa hiyo pingu zikishalia, goti litoke, mtu ageuzwe ubavu au aketishwe, na asisafirishwe akiwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gari. Akisema "siwezi kupumua", aaminiwe. Pingu nazo zipimwe: ncha ya kidole ipite kati ya chuma na mkono, kisha kufuli ya pili ifungwe ili zisijikaze zenyewe safarini. Pingu zilizojikaza zinaweza kuumiza mishipa ya fahamu ya kidole gumba, na ganzi yake ikadumu wiki nyingi.

Kitabu

Sasa tumefika kituoni, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo haki nyingi huokolewa au hupotea. Kitabu cha OB hupokea kila tukio kwa nambari yake na tarehe, kwa mfano 23/14/05/2025, yaani tukio la ishirini na tatu la siku ile. Mshukiwa akiingizwa kitabuni, yupo kisheria. Asipoingizwa, hayupo, na lolote linaweza kumpata.

Angalia maingizo mawili. La kwanza, la kawaida mno: "Mshukiwa mmoja ameletwa na doria. Yuko seli, hali nzuri." La pili: "Saa 22:20, konstebo fulani, nambari yake ya kazi, ameleta mwanamume, jina, umri, aliyekamatwa saa 21:35 stendi kwa kushukiwa wizi wa pikipiki. Ameelezwa sababu na haki zake kwa Kiswahili, anasema ameelewa. Jicho la kushoto limevimba; anasema aliangushwa na watu kabla polisi hawajafika. Anatembea na kuongea sawasawa. Anatumia dawa za kisukari. Amempigia dada yake saa 22:32. Vitu vyake: simu moja, shilingi 1,450, mkanda, kamba za viatu. Ametia sahihi." Ingizo la pili linachukua dakika tano kuandika. Ndani ya dakika hizo tano zimo saa ya kukamatwa, sababu, lugha, hali ya mwili, dawa, mawasiliano na mali, na jina la afisa atakayeulizwa.

Wapo maafisa wanaoliona ingizo refu kama mtego wa kuwafunga wao. Ni kinyume. Jeraha lisiloandikwa wakati wa kuingia, likionekana asubuhi, ni la kituo. Hakuna atakayeamini kwamba lilikuwepo. Aliyeandika "jicho limevimba" na akampeleka mshukiwa zahanati usiku ule amejilinda yeye na mwenzake wa zamu inayofuata.

Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Kituo cha Polisi cha Central jijini Nairobi, na akafia mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, mambo ambayo madaktari walisema hayaendani na mtu kujiumiza mwenyewe. Wakufunzi wasiikwepe kesi hiyo kwa kuogopa uchungu wake. Kurutu aulizwe: ukiwa zamu ya ofisi ya ripoti usiku ule, ulipaswa kuandika nini saa ya kuingia, ulipaswa kuchungulia seli saa ngapi, na nani alikuwa na ruhusa ya kumtoa mtu seli bila sahihi?

Na kuna seli zisizo na kitabu. Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josphat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka Mahakama ya Mavoko. Mwenda, mwendeshaji wa bodaboda, alikuwa amemshtaki afisa mmoja kwa IPOA kwa kumpiga risasi. Walifungiwa katika kambi ya polisi ya utawala Syokimau, pasipo ingizo lolote la kuwakamata. Kutoka ndani, karatasi ya chooni iliyoandikwa ombi la msaada ilirushwa nje ikaokotwa. Siku chache baadaye miili yao ikaopolewa mtoni. Februari 2023 maafisa watatu na mpasha habari wao walihukumiwa: mmoja kifo, wengine miaka 30, 24 na 20. Somo la kiutendaji ni hili: afisa yeyote, wa cheo chochote, akiombwa "mhifadhi huyu kidogo, usimwandike," anaombwa kushiriki jinai. Jibu afanyie mazoezi akiwa bado kurutu, kwa sauti, mbele ya mkufunzi aliyevaa cheo cha juu na anayefoka: "Afande, namwandika kwanza." Bila mazoezi hayo ulimi hukwama siku yenyewe.

Kubadilishana zamu ni shimo jingine. Anayeingia asipokee orodha tu. Afungue seli, aite kila mtu kwa jina, amtazame usoni, ahesabu vichwa, alinganishe na kitabu, kisha ndipo atie sahihi. Kasoro iandikwe kabla ya sahihi. Baada ya hapo kuchungulia: Uingereza, kanuni za vituo vya polisi zinataka kila aliye seli atazamwe angalau mara moja kwa saa, na anayedhaniwa amelewa aamshwe na ajibu kwa maneno kila nusu saa. Nadhani kipimo hicho cha nusu saa kingeokoa watu wengi hapa kwetu, maana mlevi na mtu aliyeumia ndani ya kichwa hulala kwa namna ile ile. Anayekoroma si lazima awe amelala.

Seli yenyewe, kwa Jedwali la Tano, iwe safi, iwe na mwanga wa kutosha, choo na mahali pa kunawa. Wanaume na wanawake watengwe, watoto watengwe na watu wazima. Umri wa mtoto kuwajibika kwa jinai ni miaka 12 tangu Sheria ya Watoto ya 2022, na maafisa wengi waliofunzwa zamani bado wana ile miaka 8 kichwani. Hilo peke yake linatosha kuwarudisha darasani kwa asubuhi moja.

Saa 24 na kamatakamata ya Ijumaa

Mshukiwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita. Zikiisha nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, mwisho ni jioni ya siku ya mahakama inayofuata. Hapo ndipo kamatakamata ya Ijumaa ilipojipenyeza: mtu anakamatwa Ijumaa saa nne asubuhi kwa kosa dogo, saa 24 zinaangukia Jumamosi, anakaa hadi Jumatatu. Lakini sentensi ya kwanza ya Katiba ni "haraka iwezekanavyo". Zile 24 ni kikomo. Aliyekamatwa Ijumaa asubuhi na jalada lake limekamilika saa saba anaweza kufika kwa hakimu alasiri ile ile.

Na asipoweza kufikishwa, kuna kifungu cha 36 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambacho hakifundishwi vya kutosha. Ukiondoa mauaji, uhaini, wizi wa mabavu na jaribio lake, mkuu wa kituo akiona haiwezekani kumfikisha mshukiwa mahakamani ndani ya saa 24, lazima achunguze kesi, na kama kosa si zito amwachilie kwa bondi. Sheria imesema lazima. Bondi ya polisi haina ada, hata shilingi moja. Dhamana ya pesa taslimu nayo ina risiti rasmi na hurudishwa. Pesa isiyo na risiti ni hongo, na kuzuilia watu ili pesa hiyo ipatikane ndiyo sababu kubwa ya seli kufurika wikendi. Tena kifungu cha 49 kimeongeza kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu asiwekwe rumande kwa ajili yake.

Kuhoji bila kupiga

Mateso huvunjwa kwa ufundi mbadala kuliko kwa mahubiri. Afisa anayempiga mshukiwa mara nyingi ana jalada tupu na mkubwa anayemdai matokeo kesho asubuhi, na hajui njia nyingine. Anayepigwa husema lolote la kuzuia fimbo inayofuata, na ukweli na uongo wake vina sauti moja. Upelelezi unakwenda kukimbiza majina ya watu wasiohusika huku mhalifu akivuka mpaka.

Njia nyingine ipo. Uingereza, baada ya kashfa za watu waliofungwa miaka mingi kwa kukiri walikolazimishwa, polisi walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kufundishwa mahojiano ya hatua tano: kujiandaa, kufungua na kueleza utaratibu, kusikiliza maelezo, kufunga, kutathmini. Kanuni za Méndez za mwaka 2021, ambazo ni mwongozo wa kimataifa wa kuhoji, zimejengwa juu ya mwelekeo huo huo. Hatua nzito ni ya kwanza. Kabla ya kuingia chumbani afisa aandike: nini nakijua tayari kutokana na ushahidi, nini sikijui, na maelezo gani yasiyo ya hatia yanaweza kuueleza ushahidi huu. Kisha swali la kwanza liwe pana: "Nieleze siku yako ya jana, tangu ulipoamka." Anyamaze. Asikatize. Maelezo yakiisha ndipo achimbe kipande kwa kipande, na ushahidi alionao autoe mwishoni. Aliyesema alilala Mtwapa usiku kucha ataeleza vipi simu yake kuonekana Likoni saa sita? Akiulizwa hilo mwanzoni, atalitengenezea hadithi.

Kungamo la kulazimishwa halina faida hata mahakamani. Kwa Sheria ya Ushahidi, kungamo hupokelewa likitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaondoa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki pale utakapoharibu usawa wa kesi. Na Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 imeweka kifungo cha hadi miaka 25, na cha maisha kama aliyeteswa atafariki. Kurutu azijue namba hizo.

Rungu, gesi na risasi

Jedwali la Sita linaanza kwa amri fupi: njia zisizo na nguvu zitumike kwanza, daima. Nguvu ikibidi, ilingane na lengo, uzito wa kosa na ukinzani wa mtu. Hapo wengi huishia. Kinachokosekana ni mwili: rungu linapiga wapi?

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 kuhusu silaha zisizokusudiwa kuua umejibu. Rungu lilenge mikono au miguu ya mtu anayefanya au anayekaribia kufanya vurugu. Kichwa, shingo, koo, uti wa mgongo, figo na tumbo viepukwe, na rungu lisishushwe kutoka juu ya bega, kwa sababu pigo la namna hiyo hutua kichwani au begani. Kopo la gesi ya machozi lisifyatuliwe moja kwa moja kwenye mwili wa mtu, wala gesi isitumike chumbani au pahali pasipo na njia ya kutokea. Umati usio na pa kukimbilia hautawanyiki, unakanyagana. Risasi za mpira zilenge miguu au sehemu ya chini ya tumbo la mtu mmoja mwenye vurugu, na zisidundishwe chini kwanza, maana hakuna ajuaye zitarukia wapi. Maneno ya rungu yachorwe kwenye mwanasesere wa mazoezi: rangi ya kijani mikononi na miguuni, nyekundu kwingine kote. Kila pigo la rungu kwenye nyekundu ni kufeli. Agosti 2017, Kisumu, mtoto wa miezi sita alikufa kwa pigo la kichwa ndani ya nyumba ambamo polisi waliingia usiku wakati wa msako. Uchunguzi wa hakimu uliotolewa 2019 uliwataja pia makamanda, si walioshika marungu tu, na hilo linawahusu wanaopanga operesheni: nani alitoa amri ya kuingia nyumba za watu, na alieleza mipaka gani kabla ya kuondoka kambini?

Bunduki ni ya kulinda uhai dhidi ya hatari iliyo mbele ya macho. Afisa ajitambulishe, aonye, ampe mtu nafasi ya kutii, isipokuwa kuonya kwenyewe kutahatarisha maisha. Shida iko kwenye uwanja wa shabaha. Karatasi yenye umbo la mtu imesimama, filimbi inalia, anayepiga katikati anasifiwa. Kila mara jibu sahihi ni kufyatua. Mkono unajifunza hivyo. Katika kila mazoezi kumi ya kuamua, ningetaka angalau sita yaishe bila risasi: mtu anatoa simu badala ya bastola, mwenye panga anasimama mita ishirini na kuna ukuta wa kujikinga, mgonjwa wa akili anatulia akiitwa jina. Kurudi nyuma hatua tano kupimwe kama ustadi, kwa alama.

Risasi za kupigwa hewani hurudi chini, na mitaa yetu ina mabati na ghorofa. Machi 2020, Kiamaiko jijini Nairobi, wakati wa kutekeleza kafyu, risasi ilimuua mvulana wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao. Na Kwale, Agosti 2014, msichana wa miaka 14 alipigwa risasi nyumbani usiku na polisi waliokuwa wakimtafuta mtu mwingine, nao wakadai aliwavamia kwa panga. Mwaka 2016 maafisa wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia wakafungwa miaka saba kila mmoja. Ndiyo hatia ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA. Msako ule unafaa kufundishwa kama somo la kupanga: nani analala nyumba ile, kuna watoto wangapi, kwa nini usiku na si alfajiri, mlango ukifunguliwa afisa wa kwanza anasimama wapi.

Risasi ikishatoka, kazi ina mpangilio. Aliyejeruhiwa apewe huduma ya kwanza hapo hapo, na kwa Jedwali la Sita kumnyima bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Kwa hiyo kila gari la doria liwe na bandeji za kubana damu, na afisa ajue kuzifunga. Jamaa waarifiwe. Eneo lizungushiwe utepe. Maganda ya risasi yaachwe yalipoanguka, silaha iliyotumika itengwe na isisafishwe. Mkubwa aarifiwe mara moja hata kama hakuna aliyeumia, na kukiwa na kifo au jeraha baya, IPOA iarifiwe. Kila afisa aandike maelezo yake peke yake kabla ya kuketi na wenzake. Maelezo matano yenye sentensi zinazofanana neno kwa neno humharibia hata asiye na kosa. Kwamba "niliamriwa" si utetezi: Jedwali limesema hivyo waziwazi. Limesema pia kwamba aliye kwenye sare avae jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana, kwa hiyo kufunika nambari kabla ya kwenda kwenye maandamano tayari ni kuvunja sheria hata kabla ya kumgusa mtu.

Kupima kama somo limeingia

Konstebo mpya hufuata anachokiona kwa koplo wake. Akikuta kituo ambacho watu walio seli huandikwa kitabuni kesho yake, ataandika kesho yake, hata awe alifuzu vizuri namna gani. Ndiyo maana idadi ya vyeti vya warsha haipimi kitu. Pima hivi. Miezi sita baada ya kundi kuhitimu, mkaguzi aende vituo walikopangiwa bila kutangaza, kama IPOA inavyoruhusiwa na sheria yake kukagua seli. Achague maingizo kumi ya kukamatwa kwenye OB ya mwezi uliopita, asiyachague kwa kupenda. Kwa kila moja atafute: saa ya kukamatwa na saa ya kuingia kituoni, sababu, lugha iliyotumika, hali ya mwili, simu iliyopigwa, saa ya kufika mahakamani au ya bondi, na nambari ya risiti kama pesa ilipokewa. Kisha aende seli na orodha mkononi, aite majina. Mwishoni ampe konstebo yule mpya karatasi tupu na kumwambia aandike ingizo la mtu aliyeletwa na umati, mdomo unavuja damu, anazungumza Kisomali tu. Karatasi hizo zirudishwe chuo cha polisi cha Kiganjo kwa wakufunzi waliomfunza, na walichokosa wengi ndicho kiwe zoezi la kwanza la kundi linalofuata.